Santuri Haitubu

John Lennon alipigwa risasi mlangoni mwa jengo la Dakota, New York, saa tano kasoro dakika kumi usiku, Jumatatu, 8 Desemba 1980. Ndivyo kalenda za muziki zinavyoandika, na kila mwaka ikifika siku hiyo watu hukusanyika Central Park, ng'ambo ya barabara kutoka jengo hilo, wakiwa na mishumaa na magitaa. Lakini Liverpool, mji aliozaliwa, Jumatatu ilikuwa imekwisha. Ilikuwa kabla ya alfajiri ya tarehe 9. Dar es Salaam jua lilikuwa limekwisha chomoza: saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, 9 Desemba, Sikukuu ya Uhuru, mwaka wa kumi na tisa tangu bendera ya Mwingereza iteremshwe. Risasi zilezile, mtu yuleyule, tarehe mbili.

Mswahili wa zamani angekuwa na la kuongeza. Kwa hesabu aliyorithi, siku haianzi usiku wa manane mishale ya saa ikikutana. Huanza magharibi, jua likizama. Usiku hutangulia na mchana wake hufuata. Ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jioni. Ndiyo maana pia mpaka leo mtangazaji wa redio husema fulani amefariki "usiku wa kuamkia" siku fulani, na kwa maneno hayo matatu anakuwa ametumia kalenda moja ndani ya nyingine bila kujitambua. Kwa hesabu hiyo Lennon hakufa Jumatatu hata kwa majira ya New York. Alikufa usiku wa kuamkia Jumanne.

Wapenzi wa muziki wana kalenda yao inayokusanya vizazi, vifo na nyimbo zilizorekodiwa, siku kwa siku, na kuna vipindi vya redio vinavyoishi kwa kuisoma. Chukua 11 Februari. Siku hiyo mwaka 1941 alizaliwa Sérgio Mendes wa Brazil. Mwaka 1962 akazaliwa Sheryl Crow wa Marekani. Mwaka 1963 Beatles walirekodi nyimbo kumi kwa mpigo mjini London. Mwaka 1983 alikufa Joseph Kabasele, Le Grand Kallé, baba wa rumba ya Kongo. Mwaka 2001 alikufa Fadhili William wa Kenya, aliyeirekodi "Malaika" ikatembea dunia nzima. Mwaka 2012 Whitney Houston alikutwa amekufa hotelini Beverly Hills. Wote wamepangwa kwenye kisanduku kimoja kama wapangaji wa nyumba moja ya Kariakoo: wanatumia ua mmoja, na si lazima wajuane. Je, kuna kitu kinachowaunganisha zaidi ya namba? Na siku inaporudi mwaka hadi mwaka, inarudi na nini mkononi?

Wenye imani ya nyota wana jibu la haraka. Wenye takwimu nao wana lao, la haraka vilevile. Ugumu uko kati ya hao wawili.

Kwanza, tarehe zenyewe si imara kama zinavyoonekana zikishachapishwa. Hank Williams, nyota wa muziki wa kantri, alipandishwa kiti cha nyuma cha Cadillac yake mwishoni mwa Desemba 1952, akielekea kwenye onyesho la Mwaka Mpya huko Canton, Ohio. Dereva wake alikuwa kijana mwanafunzi wa chuo. Asubuhi ya 1 Januari 1953, gari likiwa Oak Hill, West Virginia, kijana aligeuka nyuma akamkuta tajiri wake ameshakuwa wa baridi. Barabara ile ndefu ya gizani ilikuwa imevuka mwaka, na hakuna shahidi wa kusema kama Williams aliuvuka nao akiwa hai. Kalenda imemweka 1 Januari kwa sababu ndipo alipoonekana.

Kurt Cobain wa Nirvana alikutwa amekufa nyumbani kwake Seattle 8 Aprili 1994. Layne Staley wa Alice in Chains, mji uleule, alikutwa 19 Aprili 2002. Wote wawili walikuwa wamelala na umauti wao siku kadhaa bila mtu kujua, na wachunguzi wa maiti wakakadiria kwamba kila mmoja alikufa 5 Aprili. Mashabiki wa muziki wa Seattle huisimulia sadfa hiyo kwa sauti ya chini, kama watu wanaosimulia habari za majini. Haisemwi mara nyingi kwamba tarehe yenyewe ni makadirio mawili ya watu wa maabara, yaliyokutana kwenye karatasi.

Kuna sadfa, hata hivyo, ambazo hazitegemei makadirio. Robert Johnson, mpiga blues aliyesemekana kuuza roho yake kwa shetani njia panda, alikufa Mississippi 16 Agosti 1938. Elvis Presley, mzaliwa wa jimbo hilohilo, alikufa Memphis 16 Agosti 1977. Aretha Franklin, aliyezaliwa Memphis, alikufa Detroit 16 Agosti 2018. Mtu anaweza kukiheshimu kichwa chake na bado akasisimka.

Elvis mwenyewe ndiye kesi inayofaa kupelekwa mbele ya mwanafalsafa. Alizaliwa Tupelo, 8 Januari 1935, siku moja na Shirley Bassey wa 1937 na David Bowie wa 1947, na wapenda nyota huishia hapo: tazameni, siku ya waimbaji. Lakini asubuhi ile ndani ya kibanda cha vyumba viwili hakuzaliwa mtoto mmoja. Kaka yake pacha, Jesse Garon, alitangulia kwa zaidi ya nusu saa, naye alitoka akiwa maiti. Kama siku hubeba jaala, basi siku ile ilibeba mbili, mbingu ileile ikiwa juu ya paa lilelile.

Hoja hii ni ya kale. Augustino, mtoto wa Thagaste katika Algeria ya leo, aliwahi ujanani kuwasikiliza wanajimu kwa hamu. Baadaye alipowageuka, silaha yake kubwa ilikuwa mapacha: Yakobo na Esau, tumbo moja, saa moja, maisha mawili yasiyofanana hata kidogo. Katika Maungamo yake anaeleza pia habari aliyopewa na rafiki yake Firminus, ambaye alizaliwa nyumba ya kitajiri dakika ileile ambayo mjakazi wa rafiki wa baba yake alijifungua. Familia mbili zilipima kwa makini mno, kwa kuwa baba wa Firminus alikuwa mraibu wa falaki. Firminus akakua katika neema. Mtoto wa mjakazi akabaki mtumwa. Anayesoma nyota ya mmoja akasema kweli, lazima aseme uongo kwa mwingine.

Takwimu zinaongeza ubaridi wake. Mwaka una visanduku 366, na wanamuziki waliowahi kurekodi ni maelfu kwa maelfu. Kisanduku kisicho na watu watatu maarufu ndicho cha kushangaza. Hata chumba chenye watu 23 tu kina uwezekano wa zaidi ya nusu kwamba wawili wamezaliwa siku moja. Na ule umri wa miaka 27, uliowachukua Brian Jones, Jimi Hendrix, Janis Joplin, Jim Morrison, Cobain na Amy Winehouse? Desemba 2011 jarida la tiba la BMJ lilichapisha uchunguzi wa wanamuziki 1,046 waliofikisha albamu namba moja Uingereza kati ya 1956 na 2007. Waliokufa walikuwa 71, na waliokufa wakiwa na miaka 27 walikuwa watatu tu. Kiwango cha vifo katika umri wa 25 na wa 32 kilikuwa karibu sawa na hicho. Wasanii wale walikuwa wakifa mapema kuliko watu wengine, hilo ni kweli na linasikitisha. Ila 27 haikuwa na sumu yake peke yake.

Basi mjadala umekwisha? Haujaisha, kwa sababu mtu hatafuti ishara kwa kutojua hesabu. Anaitafuta kwa kuwa amefiwa.

Mwaka 632 Ibrahim, mwana mchanga wa Mtume Muhammad, alifariki Madina, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa msiba huo. Hapo palikuwa na nafasi ambayo kiongozi yeyote mwenye kupenda makuu angeishika kwa mikono miwili: mbingu yenyewe inamlilia mwanawe. Mtume akawakatalia. Jua na mwezi, akawafundisha, ni alama mbili za Mungu. Havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu yeyote. Hadithi hii hutajwa sana kila jua linapopatwa, na kwa kawaida hutolewa kama somo la akili dhidi ya ushirikina. Ina zaidi ya hilo. Anayesema ni baba aliyetoka kumzika mtoto, na anachokikataa ni faraja aliyoletewa bure.

Mwimbaji Little Richard hakuikataa ishara yake. Oktoba 1957, akiwa ziarani Australia katika kilele cha umaarufu, aliuona mwanga ukipita angani wakati ambapo dunia nzima ilikuwa ikizungumzia Sputnik, satelaiti ya kwanza, iliyorushwa na Wasovieti tarehe 4 mwezi huo. Akauchukua kuwa wito. Akaiacha rock and roll, akarudi Marekani kusomea uhubiri katika chuo cha Waadventista huko Huntsville, Alabama. Tutarudi kwake, kwa kuwa kilichotokea baadaye kina uzito kuliko mwanga wenyewe.

Dini zimejua muda mrefu kwamba kalenda ni chombo cha kutengenezwa. Kanisa la kale halikuwa na haja na siku za kuzaliwa za watakatifu wake. Lilisherehekea siku ya kufa, likaiita siku ya kuzaliwa, yaani kuzaliwa mbinguni. Hija kubwa ya Namugongo, Uganda, inafanyika 3 Juni kwa sababu 3 Juni 1886 wafia dini Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto pale. Kwa Waislamu wa pwani, maulidi huangukia Mfungo Sita, na mapokeo yaliyoenea zaidi husema Mtume alizaliwa na kufariki tarehe ileile, kumi na mbili ya mwezi huo. Lamu wanaujaza mwezi huo kwa qasida na matari. Wapo masheikh wanaoyaona maulidi kuwa uzushi. Hata wanaobishana wanakubaliana kwamba siku haijifanyi kuwa takatifu. Watu wanaifanya.

Ni kalenda ipi, basi, ndiyo ya mtu? Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa mjini Unguja 5 Septemba 1946. Hiyo ni tarehe ya serikali. Kwa majirani zake Waislamu ilikuwa mwanzoni mwa Mfungo Mosi, wiki moja hivi baada ya Idi. Kwao siku hiyo ilikuwa ikirudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Nyumbani mwao wenyewe, Maparsi wafuasi wa Zoroasta, kulikuwa na kalenda ya siku 365 kamili isiyo na siku ya nyongeza, ambayo huachana na ile ya Kizungu kwa siku moja kila miaka minne. Mpaka anafariki London, 24 Novemba 1991, siku yake ya kuzaliwa kwa hesabu ya wazee wake ilikuwa imeshasogea hadi Agosti 25. Jambo la kufurahisha ni kwamba Unguja yenyewe ina ndugu wa kalenda hiyo: mwaka wa Nairuzi, wa siku 365 zilizohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, ambao mabaharia waliutumia kupimia pepo na ambao Makunduchi bado wanaufungua kwa Mwaka Kogwa. Mashabiki wa Queen, bendi yake, wanaomkumbuka kila Septemba wanasherehekea moja tu kati ya siku nne ambazo mtoto yule angeweza kupewa.

Huyo walau aliandikwa. Fumba, upande wa kusini wa kisiwa hichohicho, yapata mwaka 1880, alizaliwa msichana akapewa jina la Mtumwa. Hakuna aliyeona haja ya kuandika siku. Alikua akifinyanga na kuuza vyungu, akivitangaza njiani kwa sauti iliyofanya watu wageuke, na alipohamia mjini mwaka 1911 akajifunza kuimba, akawa Siti binti Saad. Mwaka 1928 alipanda meli na wapigaji wake hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, kwa Kiswahili, wakati ambapo taarabu ya ikulu ilikuwa ya Kiarabu. Santuri zake ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, kutoka visiwani hadi bara. Alifariki 8 Julai 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Kalenda ya muziki inamwonyesha Siti kwa namna yake ya ajabu: haina siku ya kuzaliwa kwake. Anaingia ndani yake akiwa mtu mzima wa miaka karibu hamsini, mbele ya kipaza sauti, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Kwa karatasi, Siti alizaliwa studio.

Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza Siti, hakuwa na hata mwaka. Alipofariki 17 Aprili 2013, magazeti yalimpa miaka yalivyopenda, wengine mia moja, wengine mia na kumi na zaidi. Mwenyewe alikuwa akisema alizaliwa zama za rupia. Jibu hilo lilichekesha wageni wenye kamera, ingawa lina akili yake: alijipima kwa kitu kilichokuwa kikipita mikononi mwa watu, si kwa namba iliyokuwa kwenye daftari la mkoloni. Anayeuliza kwa nini kalenda za kuzaliwa kwa wanamuziki zimejaa watu wa Tupelo na Liverpool kuliko wa Fumba, jibu halimo kwenye nyota. Limo kwenye makabati ya kuhifadhia vyeti.

Katika aina zile tatu za siku, ya kuzaliwa, ya kufa na ya kurekodi, mbili basi haziko mikononi mwa mtu. Hakuna aliyechagua siku ya kuzaliwa, na wanaochagua ya kufa ni wachache na hawapaswi kuonewa wivu. Kurekodi ni kitu kingine. Ni tendo. Kuna mtu aliamka, akasafisha koo, akafanya kazi.

Bowie alilijua hili kuliko wengi. Albamu yake ya mwisho aliitoa 8 Januari 2016, siku aliyotimiza miaka 69, akiwa mgonjwa wa saratani kwa siri. Siku mbili baadaye akafa. Wapo walioona kudura. Ilikuwa ufundi: mtu aliyekuwa akijua mlango uko karibu, akaipanga siku yake kama fundi anavyopanga misumari.

Kuna tofauti nyingine, na hii ndiyo inayomgusa msikilizaji. Siku ya kuzaliwa ya Kabasele ikirudi, hairudi na Kabasele. Kinachorudi ni namba. Lakini turudi kwa Beatles, ile Jumatatu ya 11 Februari 1963, studio za Abbey Road. Walianza saa nne asubuhi wakamaliza karibu saa tano usiku. Lennon alikuwa na mafua makali, anamumunya vidonge vya koo mchana kutwa. Mtayarishaji George Martin, akijua wimbo wa "Twist and Shout" utamaliza kilichobaki cha sauti ile, aliuacha uwe wa mwisho. Lennon akauimba mara moja, kwa koo lililokuwa likichanika. Walipojaribu mara ya pili hakukuwa na sauti tena. Ile mara ya kwanza ndiyo iliyouzwa. Anayeuweka wimbo huo leo anasikia mafua ya siku ile, ya miaka zaidi ya sitini iliyopita, kwenye koo la mtu aliyekwisha kufa. Waswahili husema siku hazigandi. Dakika mbili na nusu za siku ile ziliganda.

Augustino angetikisa kichwa hapo. Katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo, alipobanwa na swali la wakati, alichukua mfano wa wimbo. Kabla hajauanza, alisema, matarajio yake yanauenea wote. Anapoimba, wimbo unavuka kidogo kidogo kutoka upande wa matarajio kwenda upande wa kumbukumbu, hadi wote umevuka. Wimbo wote kwa pamoja haupo mahali popote ila moyoni mwa anayeimba au anayesikiliza. Santuri, kwa hoja hii, haihifadhi siku. Inahifadhi mikwaruzo. Siku inatengenezwa upya na anayesikiliza.

Ushahidi wa upande wake haukosekani. Tarehe 9 Aprili 1860, Édouard-Léon Scott de Martinville alinasa wimbo mfupi mjini Paris kwa chombo kilichochora mawimbi ya sauti kwenye karatasi yenye masizi. Hakikuwa na njia ya kuyarudisha mawimbi hayo kuwa sauti. Hakukusudia hata hivyo. Miaka 148 ikapita. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani wakaisomesha karatasi ile kwenye kompyuta, na magazeti yakasema ni msichana anaimba. Mwaka uliofuata wakatambua wameiendesha kwa kasi maradufu: alikuwa mwanamume, yamkini Scott mwenyewe. Je, alisikika lini, 1860 au 2008? Na yule "msichana" aliyeishi mwaka mmoja tu, alikuwa nani?

Au Otis Redding. Tarehe 7 Desemba 1967 alimaliza kuimba wimbo wake wa gatini huko Memphis. Tarehe 10 ndege yake ikaanguka katika Ziwa Monona, Wisconsin. Mwenzake Steve Cropper, akiwa na msiba kichwani, akaongeza sauti za mawimbi na shakwe. Mamilioni wanamsikia Redding amekaa kando ya bahari na ndege wakilia. Redding hakuwasikia ndege wale. Na Novemba 2023 ukatoka wimbo wa "Now and Then": sauti ya Lennon kutoka kaseti aliyorekodi nyumbani pale Dakota miaka ya mwisho ya 1970, gitaa la George Harrison la 1995, ngoma na besi za wenzao wawili wakiwa wazee wa miaka themanini. Wawili kati ya wanne wameshafariki. Kisanduku gani cha kalenda kitaubeba?

Lakini kuna swali ambalo Augustino hakuulizwa, kwa kuwa zama zake sauti ilikufa na pumzi. Little Richard aliondoka kwa dunia akaenda kusoma Biblia. Mapema 1958, yeye akiwa katika maisha hayo mapya, kampuni yake ilitoa "Good Golly, Miss Molly", aliyoirekodi kabla ya wito, nayo ikapanda chati. Mwanamume mmoja akawa katika sehemu mbili: huku anaomba, kule anapiga ukelele kwenye majukwaa ya dansi. Cat Stevens alisilimu mwaka 1977, akawa Yusuf Islam, akayauza magitaa yake na kukaa mbali na muziki wa pop kwa miaka mingi. Cat Stevens hakunyamaza hata siku moja, alikuwa redioni.

Hapa suala linakuwa la dini hasa. Mafundisho ya Kiislamu yanasema mtu akifa amali zake hukatika, isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema wa kumwombea. Wengi pwani wameuliza kama wimbo uliorekodiwa nao huendelea kuandikwa, na kwenye kurasa zipi. Anayeharamisha muziki atasema kila unapochezwa marehemu anaongezewa mzigo. Anayeuruhusu ataita nyimbo za Siti za kuwasema wadhalimu kuwa elimu yenye manufaa. Mwanazuoni Ghazali, aliyeandika mlango mzima juu ya usikilizaji, aliusogeza uzito upande mwingine: sauti haitii moyoni kitu kigeni, huchochea kilichokuwamo. Kwa kauli hiyo anayebonyeza kitufe leo anajibu kwa moyo wake mwenyewe, na marehemu apumzike. Ni kauli yenye huruma. Hata hivyo haimsaidii aliye hai, aliyebadilika, anayejisikia akiimba asichokiamini tena. Mtu hutubu, santuri haitubu.

Remmy Ongala aliishi swali hili Dar es Salaam. Alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947, akatoka na meno mawili, jambo ambalo wazee walilisoma kuwa ishara ya mganga. Ndiko lilikotoka jina la "Dokta" Remmy. Mwaka 1978 akaja kupiga na bendi ya Makassy, kisha Super Matimila. Wimbo wake "Kifo" ulizungumza na mauti ana kwa ana, kama mtu anayemlalamikia jirani asiye na haya. Miaka ya mwisho aliokoka, akaacha dansi, akaimba injili. Alifariki nyumbani kwake 13 Desemba 2010. Baada ya hapo haikusikika injili yake tu. Ulisikika na "Kifo", wimbo wa mtu ambaye yeye mwenyewe alishaachana naye, na hakuna aliyeona ajabu.

Nyumba yake ilikuwa Sinza. Kituo cha daladala kilicho karibu nayo kinaitwa Kwa Remmy, na huitwa hivyo 13 Desemba kama kinavyoitwa 4 Machi au siku yoyote nyingine. Utingo, ambaye huenda hajawahi kuisikia kaseti yake hata moja, ananing'inia mlangoni akipaza sauti: "Kwa Remmy wapo?" Mama mmoja mwenye mfuko wa nyanya anajibu kutoka nyuma kwamba yupo, ashushwe, na gari linavuta pembeni.